Uhakiki wa Maoni Kuhusu Programu za Ukokotozi wa Namba katika Tafiti za Eneo la Namungo

Maoni kuhusu programu zinazofaa kwa ukokotozi wa kitaalamu yamegawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza inatetea programu za kulipia, MATLAB ikiwa mbele, kwa hoja kwamba zimejaribiwa kwa miaka mingi na zina nyongeza nyingi za kiufundi. Kambi ya pili inatetea programu huria, yaani GNU Octave, R, na Python pamoja na maktaba yake ya NumPy, na hoja yake kuu ni gharama. Sehemu hii inahakiki maoni hayo kwa kuyahusisha na tafiti za eneo la Namungo na wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi. Mtafiti anaona kwamba kambi zote mbili zimetanguliza jambo la pili na kuliacha la kwanza: je, mtahini anaweza kuusoma ukokotozi uliofanyika na kuurudia mwenyewe?

Nachingwea ina sababu yake ya kihistoria ya kuuliza swali hilo. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumia takriban wiki tisa kuchunguza uwezekano wa kilimo cha karanga cha mashine katika Afrika Mashariki na ya Kati, na mwaka 1947 serikali ya Uingereza ikachapisha mpango wake. Ulihesabu mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, jumla ekari 3,210,000. Mashamba 80 kati ya hayo yalipangiwa Tanganyika, na Nachingwea ikawa kitovu cha upande wa kusini, hata reli ikajengwa kuiunganisha na pwani. Msomaji akizidisha 107 kwa 30,000 atapata jibu lile lile. Kuzidisha kulikuwa sahihi kabisa. Kilichoanguka ni dhana zilizoingizwa katika hesabu: kasi ya kung'oa visiki, uimara wa matrekta, tabia ya udongo na mvua. Januari 1951 mpango uliachwa, na hasara ikawa takriban pauni milioni 36. Kompyuta ya leo ingezidisha kwa kasi kubwa zaidi na kukosea palepale.

Hata hivyo, waraka ule una sifa moja ambayo tasnifu nyingi za sasa hazina. Makadirio yake yaliandikwa wazi, kwa hiyo wahakiki waliweza kuonyesha kwa kidole ni dhana ipi iliyoporomoka. Mwanafunzi anayeandika katika sura ya tatu kwamba data zilichakatwa kwa kompyuta, kisha akataja jina la programu na kuendelea, hampi mtahini hata nafasi hiyo.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika kipimo cha kawaida kabisa, mchepuko sanifu, ambacho huonyesha jinsi thamani zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Tuchukue tarakimu za mfano, si vipimo vya kituo chochote: mvua ya misimu mitano ya milimita 700, 800, 900, 1,000 na 1,100. Wastani ni 900, na jumla ya miraba ya tofauti ni 100,000. Octave, MATLAB na R, zisipoelekezwa vingine, huigawa jumla hiyo kwa 4, yaani idadi ya misimu ukitoa moja, na kutoa mchepuko wa milimita 158.1. NumPy, isipoelekezwa vingine, huigawa kwa 5 na kutoa 141.4. Hakuna programu iliyokosea: ya kwanza inazichukulia tarakimu kuwa sampuli, ya pili inazichukulia kuwa ndiyo data yote iliyopo. Lakini mtafiti mmoja ataripoti mtawanyiko wa asilimia 17.6 ya wastani na mwenzake asilimia 15.7, na kila mmoja atasema ametumia programu inayoaminika. Kumbukumbu zikiwa za miaka mia, tofauti hiyo ni ndogo mno. Kwa tafiti zetu, ambazo mara nyingi hutegemea misimu michache, ni kubwa kiasi cha kubadili ushauri anaopewa mkulima kuhusu wakati wa kupanda.

Korosho inatoa mfano mwingine. Wakulima wa wilaya hizi huuza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, na katika mnada mmoja shehena tofauti huweza kupata bei tofauti. Tuseme, kwa mfano, tani 1,000 zimeuzwa kwa shilingi 2,000 kwa kilo na tani 200 kwa shilingi 2,600. Mtafiti akiiagiza programu itoe wastani wa bei mbili, atapata 2,300. Akizingatia uzito, atapata 2,100. Katika Octave hesabu sahihi huandikwa hivi:

bei_wastani = sum(bei .* uzito) / sum(uzito)

Mstari huu unastahili kusomwa kama tunavyosoma mshororo. Majina bei na uzito ni ya Kiswahili, na programu imeyakubali bila kinyongo. Nukta iliyo kabla ya nyota inaagiza kila bei izidishwe kwa uzito wake. Ikiondolewa, na orodha zote mbili zikiwa safu wima, Octave itakataa kuendelea. Mtahini asiyejua programu hii ataona mara moja kwamba uzito umezingatiwa. Katika lahajedwali fomula hiyo hiyo ingejificha nyuma ya seli, na tasnifu iliyochapwa ingeonyesha jibu tu.

Watetezi wa MATLAB wana haki katika mambo kadhaa. Octave huchelewa katika vitanzi virefu, na baadhi ya nyongeza za uhandisi, hasa Simulink, haina mbadala wake kamili. Anayeiga mwenendo wa mitambo ya kuchakata madini ya kinywe ya Ruangwa anaweza kuihitaji MATLAB kweli. Lakini hoja yao kwamba ubora wa programu unathibitisha ubora wa matokeo haikubaliki, na hoja ya wenzao kwamba urahisi wa bei unatosha ni dhaifu vilevile. Jitihada za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilizozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ziliweka menyu na maelekezo kwa Kiswahili. Hazikugusa lugha ambamo hesabu zenyewe huandikwa. Kazi hiyo imebaki kwa mwandishi wa tasnifu, na nafasi yake ni kiambatisho: msimbo mzima, toleo la programu, maelezo ya Kiswahili kando ya kila hatua, na data ghafi kadiri ruhusa inavyomwezesha kuzitoa.