Lenta ya Sindeni na mbao zilizong'olewa siku ya nne

Siku ya nne ni mapema mno. Nalisema hili mwanzoni ili watetezi wa mstaafu wetu wa Sindeni, anayejijengea nyumba kwa mikono yake, wasisome wakitafuta nafuu. Mliopita njia ya Korogwe na Handeni mliiona lenta ya baraza lake ikiwa bado mbichi, kisha mkaiona imeachwa hewani, haina hata mrunda mmoja chini yake.

Kazi iliyotangulia ni safi: msingi kauchimba mwenyewe kwa sururu, matofali kafyatua na kuchoma mwenyewe, kona zimesimama timazi.

Tuje kwenye lenta. Uwazi wa baraza ni kama mita 3. Zege la siku 7, likimwagiliwa vizuri, huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu litakayokuwa nayo siku ya 28. La siku ya nne je? Mbao za ubavuni angeweza kuzibandua hata baada ya siku mbili, hazibebi kitu. Ile ya chini na mirunda yake hukaa siku 14, tena huo ndio uchache wake. Yeye kang'oa zote kwa mpigo kwa kuwa alizitaka kwenye boksi la kumwagia zege chumbani. Nyumba nzima inahatarishwa kwa ajili ya mbao chache!

Na maji hakumwagilia. Ni kiangazi, na sote tunajua dumu la maji linavyotafutwa Handeni. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kupikia kwanza. Basi angelifunika zege kwa magunia yaliyolowa, au angengoja mvua ndipo alimwage. Sasa kuna ufa katikati ya tumbo la lenta, na ukichungulia kwa chini unaiona nondo, ilhali ilitakiwa kufichwa na zege la milimita 25 hivi. Aliilaza juu ya ubao bila vijiwe vya kuiinua. Nondo iliyo wazi hushika kutu, kutu huvimba, zege hubanduka.

Kwa nini hakuita fundi? Najua atajibu kwamba mafundi wanaiba saruji. Wanaiba, na sitachoka kuliandika hilo. Dawa yake ni kusimama pale na kuhesabu mifuko, na mstaafu muda anao. Atasema pia kwamba haya ni mazoezi, afadhali kuliko kulipia jimu mjini. Nakubali. Ila jasho liko kwenye sururu na karai; kupanga nondo hakupunguzi kitambi.

Wakubwa wa zamani waliujua mpaka huo kati ya jasho na ufundi. Mwalimu Nyerere alifyatua matofali na wanakijiji wa Chamwino mwaka 1971, akachafuka kweli, tofauti na waheshimiwa wa siku hizi wanaoinua jembe mpiga picha akishajipanga. Churchill, ambaye kwa mengine simsifu, alijenga kuta za bustani yake huko Chartwell kama burudani, na mwaka 1928 akajiunga na chama cha waashi wa Uingereza. Ukarabati mkubwa wa nyumba yenyewe alikuwa amemwachia msanifu, Philip Tilden.

Bati hazijapanda, kwa hiyo nafasi ipo. Mirunda irudishwe leo, kabla mtoto hajakaa kivulini pale. Kisha lenta ivunjwe, na nondo zisukwe na fundi wa kulipwa. Mzee wetu achanganye zege na kubeba karai, na safari hii mbao zikae siku 14.