Kugawana Upepo: Jinsi Orica-GreenEDGE Ilivyoshinda Nice Mwaka 2013

Katika mbio za timu dhidi ya saa, yaani mashindano ambamo waendesha baiskeli wa timu moja huondoka pamoja bila mpinzani kando yao na kupimwa kwa muda wanaoutumia hadi mwisho, ushindi hautokani na wingi wa nguvu pekee bali na namna nguvu hizo zinavyogawanywa. Hilo lilidhihirika mjini Nice tarehe 2 Julai 2013, katika hatua ya nne ya Tour de France, pale Orica-GreenEDGE ya Australia ilipomaliza kilomita 25 kwa dakika 25 na sekunde 56, ikaishinda Omega Pharma-Quick Step ya Ubelgiji kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Wastani wa kasi yao, takriban kilomita 57.8 kwa saa, ulikuwa haujawahi kufikiwa katika mbio za aina hiyo kwenye Tour.

Kwa kasi kama hiyo adui mkubwa ni hewa, kwa sababu nguvu inayohitajika kuipasua haipandi sambamba na kasi: kasi ikiongezwa kwa asilimia 10, nguvu hiyo huongezeka kwa karibu theluthi moja. Aliye mbele hubeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo huo, huku wanaomfuata gurudumu kwa gurudumu wakipata kinga, na ndiyo maana hupokezana zamu. Mwenye nguvu kuliko wenzake hushawishika kuongeza kasi zamu yake inapofika, na hapo ndipo timu nyingi hujiharibia, kwa kuwa mwenzake aliyetoka mbele muda huohuo, akiwa bado anahema, hulazimika kuudaka mkia wa msafara unaokwenda kasi kuliko alivyouacha. Akichelewa kidogo tu, mwanya hufunguka na kinga hupotea. Kwa hiyo mwenye nguvu hurefusha zamu yake bila kupandisha kasi, na aliyechoka huifupisha au huiruka kabisa, mradi mwendo usiyumbe.

Kanuni ya mwaka huo ilizidisha uzito wa hesabu hiyo. Kila timu ilianza na watu tisa, na saa ilisimamishwa gurudumu la mtu wa tano lilipovuka mstari. Wanne, basi, wangeweza kutumika hadi waishiwe kisha waachwe. Lakini kila anayeachwa mapema huwapunguzia waliobaki muda wa kupumua kati ya zamu moja na nyingine, hivyo swali gumu zaidi ni lini, wala si nani, aachwe.

Orica haikuwa na nyota wa kiwango cha Tony Martin wa Omega, bingwa wa dunia wa mbio dhidi ya saa za mtu mmoja mwaka 2011 na 2012, ingawa ni haki kukumbuka kwamba Martin alishindana akiwa na majeraha ya kuanguka katika hatua ya kwanza. Ilichokuwa nacho ni watu waliozoea mwendo usiobadilika, akiwemo Brett Lancaster, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2004 katika mbio za timu uwanjani, mchezo ambao makosa ya kupokezana huadhibiwa papo hapo. Kwa kasi ya siku hiyo sekunde moja ilikuwa sawa na mita 16 hivi za barabara, na zamu moja iliyochukuliwa kwa pupa ingetosha kuzipoteza zote.

Waliomaliza pamoja na mtu wa tano walipewa muda mmoja, tofauti na kanuni iliyotumika katika mbio za Paris-Nice mwaka 2023, ambapo kila mwendeshaji alihesabiwa muda wake mwenyewe. Kwa sababu ya muda huo mmoja, jezi ya manjano, ya anayeongoza Tour kwa jumla ya muda, aliyoivaa Simon Gerrans wa Orica jioni ile haikuhama timu ilipomtoka siku mbili baadaye: tarehe 4 Julai ilikwenda kwa mwenzake Daryl Impey wa Afrika Kusini, raia wa kwanza wa nchi ya Afrika kuivaa.