Heko kwa Wanaohesabu Dizeli

Gari jeupe la Umoja wa Mataifa likikatiza New Site, Juba, wapita njia huona antena na vumbi. Mkaguzi wa ndani huona dizeli: lita zilizosainiwa, kilomita zilizosomeka, saa ambazo jenereta limenguruma. Hesabu zisipooana anauliza. Akinuniwa, anauliza tena.

Kazi hii haina mashabiki, nayo inastahili pongezi. Ofisi ya Huduma za Usimamizi wa Ndani ya Umoja wa Mataifa iliundwa mwaka 1994, na wakaguzi wake hukaa ndani ya misheni za amani, ikiwemo UNMISS, ya Sudan Kusini.

Meno yake yalionekana Nairobi. Katika ofisi ya shirika la wakimbizi, UNHCR, ambako huduma ni bure, wakimbizi walikuwa wakikamuliwa hongo ili wahamishiwe nchi za Magharibi. Shirika lenyewe liliomba uchunguzi. Ripoti iliyotangazwa mapema 2002 ilianika mtandao wa watu wapatao 70 na malipo yaliyofika dola 6,000 kwa kichwa. Maofisa walitishiwa kuuawa. Wachunguzi wa ofisi hiyo ya usimamizi hawakufyata mkia.

Hawana pingu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa nao. Wao hukusanya ushahidi na kupendekeza. Kinga ya mtumishi dhidi ya kushtakiwa huondolewa na Katibu Mkuu, kisha mahakama za nchi zikashika usukani.

Tangu 2006 ipo pia Ofisi ya Maadili. Mtumishi aliyefichua wizi, hata akiwa dereva au mtunza bohari, anaweza kuiomba imkinge ili bosi wake asimlipizie kisasi.