Mgeni Asiyepewa Jembe

Kitabu cha Patrick Leigh Fermor kiitwacho A Time to Keep Silence, kilichochapishwa Uingereza mwaka 1957, ni chembamba na kisa chake ni kifupi. Mwandishi, mtu wa dunia asiyejidai kuwa na imani imara, anatafuta mahali tulivu na pa gharama ndogo pa kuandikia kitabu kingine. Anabisha hodi kwenye abasia ya Wabenedikto ya Saint-Wandrille huko Normandy, Ufaransa, na anapokelewa. Baadaye anakaa Solesmes, abasia inayojulikana kwa nyimbo zake za Kigregori, kisha La Grande Trappe ya Watrapisti, ambao sheria yao ni kali zaidi. Mwishoni anatupeleka Kapadokia, nchini Uturuki, kwenye makanisa ambayo watawa wa kale waliyachonga ndani ya miamba.

Nguvu ya kitabu hiki iko katika ukweli wake kuhusu mwili. Wengi wetu tumezoea mafungo yenye ratiba: mahubiri asubuhi, maungamo mchana, kuabudu jioni, na mhubiri anayejaza kila pengo. Leigh Fermor hakupewa mhubiri. Alipewa chumba, meza na kengele ya sala. Siku za kwanza zilikuwa za huzuni: usiku hapati usingizi, mchana hana la kumshika. Kisha usingizi ukamwangukia, akalala kama mtu anayelipwa deni la miaka. Uchovu ulipokwisha, akajikuta na saa 19 za uhai kamili kila siku, kwa sababu mazungumzo, haraka na vishughuli vidogo vilivyokuwa vikimla nguvu havikuwapo tena. Wala hafichi kwamba kutoka kulikuwa kuchungu kuliko kuingia: Paris ilimpokea kama tanuri. Haya hayasimuliwi kama muujiza. Yanasimuliwa kama homa, yenye siku ya kupanda na siku ya kushuka, na ndiyo maana hata msomaji asiyesali anayaamini.

Lakini kuna jambo ambalo kitabu hakiliulizi sana, nalo ni la mwenyeji. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, ina sura nzima, ya 53, kuhusu wageni. Inaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, abate ammwagie maji mikononi, na hata mfungo uvunjwe kwa ajili yake, isipokuwa siku zile ambazo mfungo haugusiki. Wahenga wetu nao wana sheria yao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa haraka, sheria hizi mbili zinaonekana kupingana, moja ya ukarimu na nyingine ya ubahili. Sivyo. Jembe la methali halimfukuzi mgeni. Linamwingiza nyumbani. Anayelima nanyi anajua udongo wenu ulivyo mgumu, anasikia ugomvi wenu na utani wenu, na jioni anakula kama mtu wa mji. Asiyepewa jembe anabaki barazani hata akikaa mwaka mzima.

Katika kurasa za kitabu hiki hatumwoni Leigh Fermor akishika jembe. Mtu anaweza kumtetea kwamba jembe lake lilikuwa kalamu, na utetezi huo una uzito, kwani bila kalamu hiyo tusingekuwa na simulizi hii. Lakini angalia madhara yake katika fani. Saint-Wandrille, ambako watawa walimzungumzisha, sura inapumua na watu wanaonekana. La Grande Trappe, ambako ukimya ni mkubwa na kazi ya shamba ni sehemu ya sala, mwandishi anasimama nje ya dirisha. Anawatazama wakienda na kurudi, na kwa kuwa hakuna wa kumweleza, anageukia historia, hasa ya Rancé, abate wa karne ya 17 aliyeirekebisha nyumba ile. Kurasa hizo zimeandikwa kwa ufundi, ila ni ufundi wa maktaba. Mtrapisti mwenyewe, mwenye mgongo unaouma na mawazo yake usiku wa manane, hatumpati. Udhaifu huu si wa lugha. Ni wa mahali alipokaa mgeni.

Sehemu ya Kapadokia inalithibitisha hilo bila kukusudia. Huko ukimya umejaa tele, na hakuna mwenyeji hata mmoja. Hakuna wa kufungua mlango wala wa kupiga kengele. Msomaji anahisi mara moja kwamba huo si ukimya ule wa Saint-Wandrille. Wa Saint-Wandrille ulitengenezwa na watu kila siku, kwa kuamka, kupika, kufagia na kusali, na mgeni aliukuta uko tayari kama chakula mezani.

Sura ya 53 ina agizo jingine: uangalifu mkubwa zaidi uwe kwa maskini na wasafiri, kwa sababu tajiri huheshimiwa hata bila kuagizwa. Sisi wa Kivu hatuwezi kulisoma agizo hilo kama pambo. Huko Mokoto, Masisi, wamonaki wa shirika lilelile la Trappe walikuwa na monasteri iliyoanzishwa kutoka Ubelgiji mwaka 1954. Mwaka 1996 watu waliokimbia vita walikimbilia hapo. Hawakuwa wakitafuta ukimya, walitafuta kuishi. Mwezi Mei wenye silaha waliwafuata humo na kuua wengi, na wamonaki nao wakalazimika kuondoka. Mlango uliomfungukia mwandishi ndio mlango uliowafungukia wakimbizi, kwa kanuni ileile. Saint-Wandrille, mgeni aliwagharimu wenyeji sahani na kitanda. Mokoto, wageni waligharimu nyumba yenyewe.

Hatumlaumu Leigh Fermor kwa yaliyotokea karibu miaka 40 baada ya kitabu chake. Tunachosema ni kwamba kitabu chake kinatufundisha vizuri kupokea, na hakitufundishi kurudisha. Neno letu mafungo limetokana na kufunga, na anayejifungia hupumzika kwa sababu kuna mwingine anayelinda mlango. Kwa hiyo kisomeni kitabu hiki, na mkipata nafasi nendeni mkakae siku chache kwa watawa, muumini na asiye muumini. Ila siku ya tatu ikifika, kabla ya kuandika chochote juu ya utulivu wa mahali hapo, mwulizeni ndugu wa nyumba ya wageni jembe liko wapi.