Mwereka Usiotumia Nguvu: Namna ya Kuipima Aikido

Ukitaka kujua ubora wa aikido, sanaa ya mapigano ya Kijapani, usimkodolee macho anayebwaga. Mtazame anayebwagwa, hasa visigino vyake. Huyo akishamkamata bingwa kifundo cha mkono, bingwa husogeza nyonga kidogo tu, na papo hapo kisigino cha mshikaji huinuka, mgongo hupinda, uzito wote ukalalia vidole vya mguu mmoja. Mikono ya bingwa bado haijafanya lolote la kuonekana. Hatua hiyo, ambayo Wajapani huiita kuzushi, ndiyo kazi yenyewe. Mizani ikishavunjika, hata mtoto anaweza kumalizia.

Kama mshikaji alikuwa amesimama imara kwa miguu miwili, kisha ghafla akaruka kama mwanasarakasi, huyo hakubwagwa, amejirusha. Maonyesho mengi yamejaa miereka ya namna hiyo, na inaniuma, kwa sababu inaifanya sanaa ya kweli ionekane mchezo wa kuigiza. Dawa yake ni kuomba mwereka uleule ufanywe polepole. Kasi huficha mengi. Polepole, mizani isiyovunjwa hujulikana mara moja.

Kisha angalia mabega. Yakipanda, na pumzi ikibanwa, ujue misuli ya mkono ndiyo inayovuta. Mwereka ukiisha, bingwa awe amesimama wima, tayari kwa mtu wa pili, bila kuyumba wala kumwinamia aliyeanguka.

Sanaa hii haikuzaliwa kwenye maonyesho. Mwasisi wake, Morihei Ueshiba, aliyezaliwa 1883, alianza mwaka 1915 kujifunza mtindo wa mapigano wa Daito-ryu huko Hokkaido kwa Sokaku Takeda, mwalimu mkali asiyesifika kwa huruma. Mwaka 1930 Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alimtazama Ueshiba akifanya kazi, kisha akawatuma baadhi ya wanafunzi wake wakajifunze kwake. Kano alikuwa ametumia maisha yake akichambua namna mizani ya mtu inavyovunjwa. Kwangu mimi, kitendo hicho ni ushahidi mzito kuliko sifa zote zilizoandikwa baadaye.

Kipimo cha mwisho kiko mkononi mwako. Ukienda kutafuta mwalimu, omba umshike wewe mwenyewe, kwa nguvu zako za kawaida, bila hila. Akikubali, utajua ndani ya pumzi moja. Mwalimu anayeshikwa na wanafunzi wake tu, muage kwa heshima ukatafute mwingine.