Kabureta na Sikio la Fundi

Tukuyu, wilayani Rungwe, hakuna anayepuliza majani makavu kwa mashine. Majani ya mgomba yakikauka huachwa shinani yaoze, yalishe udongo. Lakini injini ile ile ndogo ya kuchanganya oili, ambayo kwingineko hufukuza majani kwenye bustani, Rungwe ina kazi tele. Huzungusha mnyororo wa chenso kwenye misindano ya shamba la miti la Kiwira, hufyeka nyasi, na ikibebwa mgongoni hupuliza dawa. Kule Mtwara na Lindi mashine ya namna hiyo ndiyo hurusha salfa juu ya mikorosho kupambana na ubwiriunga. Zote huugua maradhi yale yale, na zikigoma kuwaka hupelekwa kwa mtu yule yule, fundi wa injini ndogo, ambaye sijaona akisifiwa inavyostahili.

Ninachompendea kwanza ni kwamba hakimbilii bisibisi. Anauliza.

"Mzee, ilizima ghafla au ilififia?"

"Ilififia, fundi. Sasa nikivuta choki inawaka, nikiirudisha inazima."

Kwa jibu hilo ameshajua pa kuanzia. Choki huizuia hewa ili petroli iongezeke, kwa hiyo injini inayoishi kwa choki tu ina njaa ya petroli: filta ya ndani ya tangi imeziba, mpira wa mafuta umepasuka, jeti ina uchafu, au kuna hewa inayojipenyeza kwenye gasketi. Kama mzee angesema kwamba mashine hufanya kazi dakika chache, ikazima, kisha ikawaka tena, fundi angelegeza kwanza kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa mlio, basi kitundu cha kupumulia ndicho kilichoziba, na kabureta haina kosa lolote. Najua vijiwe ambako mteja huyo angeuziwa kabureta mpya.

Halafu plagi. Ikitoka imelowa baada ya kamba kuvutwa mara kadhaa, mafuta yanafika, tatizo ni moto. Ikitoka kavu, mafuta hayafiki. Rangi yake nayo husomwa. Hudhurungi ni afya. Nyeusi yenye masizi ni petroli iliyozidi au filta ya hewa iliyojaa vumbi la mbao. Nyeupe humfanya fundi anyamaze kidogo, kwa sababu injini hiyo imekuwa ikiungua kwa ndani. Kisha huishika mashine kwa mpini wa kamba na kuiacha ining'inie: ikiporomoka mara moja, mgandamizo umekwisha, na hakuna kabureta itakayoiokoa.

Kabureta yenyewe inatoshea kiganjani. Haina boya kama ya pikipiki, maana boya hutaka kusimama wima na chenso hulazwa ubavu, hata kupinduliwa. Badala yake ina ngozi mbili nyembamba. Moja hupiga pampu kwa msukumo unaotoka chini ya pistoni, nyingine hupimia petroli kwa kuinua sindano ndogo. Ngozi hizo zinapaswa kuwa laini. Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mashine inaweza kukaa stoo miezi mingi ikiwa na petroli tumboni. Petroli hiyo hukauka ikaacha utando wa kunata, ngozi zikakakamaa, kichujio kidogo kilicho ndani kikafungwa. Na kwenye unyevu huo mafuta ya chupa huingia maji kwa urahisi. Fundi makini huyamimina kwenye chupa angavu, akayaacha yatulie. Maji hushuka chini na mpaka wake huonekana wazi.

Kusafisha kunataka mkono mwepesi. Kabla ya kutoa skrubu za kurekebishia, huzifunga taratibu akihesabu mizunguko, ili ajue zilipokuwa. Jeti huipuliza kwa upepo, haingizi waya, kwani tundu likitanuka halirudi tena. Mara nyingi seti ya ngozi na gasketi inatosha.

Lakini ufundi wenyewe, ule unaonifanya nisimame nisikilize, huanza mashine ikishawaka. Mwenye mashine hupenda sauti kali, nyembamba, ya kasi. Humwambia fundi kaza, kaza tena. Fundi hakubali. Huilegeza skrubu ya kasi kubwa mpaka injini, ikiwa haina mzigo, inakoroma kidogo, kama imejaa kooni. Mnyororo ukiuma gogo, mkoromo unapotea na sauti inanyooka. Mkoromo huo ni petroli ya ziada, na katika injini hii oili husafiri ndani ya petroli: mililita 40 kwa lita moja, au 20 kwa oili zinazoruhusu hivyo. Ukibana petroli umebana oili pia. Ile sauti tamu ni ya pistoni inayokaribia kung'ang'ania kwenye silinda.

Ndiyo maana pia huuliza, "Unakwenda kuitumia wapi?" Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukiteremka hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, umeshuka kama mita 1,000, na hewa ya kule ni nzito zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Mashine iliyorekebishwa barabara hapa mlimani, kule bondeni hupata hewa nyingi kuliko petroli, ikachemka. Kwa mteja wa Kyela fundi huifungua skrubu kidogo zaidi, akamwonya kwamba hapa Tukuyu itasikika nzito.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, siku hizi huwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza kazi mtaani, nami natamani mafundi hawa waende. Naomba tu mtahini asiishie kwenye karatasi na michoro. Amletee fundi mashine iliyolala masika nzima, amwambie itatumika Kyela, kisha akae kimya naye asikilize.