Siku Tisini za Kiti Kilicho Wazi: Kutoka Kisauni hadi Msambweni

Emmanuel Karisa Maitha, Mbunge wa Kisauni, Mombasa, na Waziri wa Utalii wa Kenya, alipofariki nchini Ujerumani mwezi Agosti 2004, kiti chake kilikaa wazi kwa muda usiotimia miezi minne, kwani tarehe 16 Desemba wapiga kura wa eneo bunge hilo, ambalo wakati huo lilikuwa bado halijatengwa na Nyali, walimchagua Anania Mwaboza wa chama cha NARC. Huo ulikuwa uchaguzi mdogo, yaani uchaguzi wa kujaza nafasi moja kabla ya muhula wa Bunge kwisha, nao uliitishwa kwa hati ya Spika, amri ya maandishi iliyoielekeza Tume ya Uchaguzi kuanza kazi.

Katiba ya 2010 imeufunga utaratibu huo kwa kikomo cha muda. Ibara ya 101 inamtaka Spika kuiarifu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ndani ya siku 21 tangu nafasi kutokea, na uchaguzi ufanyike ndani ya siku 90 tangu tukio hilohilo, isipokuwa katika miezi mitatu ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu, ambapo kiti hakijazwi. Siku hizo 21 si nyongeza ya zile 90, bali zimo ndani yake, hivyo Spika akizitumia zote, Tume hubakiwa na siku 69 tu za kuteua wagombea, kusimamia kampeni na kuandaa vituo.

Wakati huohuo daftari la wapiga kura hufungwa, kwa kuwa Sheria ya Uchaguzi inazuia usajili katika eneo husika tangu kiti kitangazwe kuwa wazi hadi siku ya kura. Kinga hii dhidi ya wapiga kura wa kusafirishwa ni ya haki, lakini gharama yake ni kubwa katika maeneo ya Mombasa kama Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako wapangaji wengi huhama kwa kufuata kazi na kodi nafuu, maana aliyehamia bila kuhamisha usajili wake hana sauti juu ya atakayemwakilisha anakoishi.

Udhaifu mkubwa zaidi wa kikomo hicho cha siku 90 ulidhihirika Msambweni, kusini mwa Likoni. Mbunge Suleiman Dori alifariki tarehe 9 Machi 2020, na siku 90 zilikwisha mwezi Juni, lakini Tume ilikuwa imeahirisha chaguzi ndogo kwa sababu ya korona, hata Feisal Bader, mgombea huru, akamshinda Omar Boga wa chama cha ODM tarehe 15 Desemba, siku 281 baada ya kifo hicho. Banissa, kaunti ya Mandera, ilisubiri zaidi, tangu Machi 2023 hadi Novemba 2025, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho Tume haikuwa na makamishna. Ibara ya 101 inaamuru siku 90, lakini haisemi ni nani atakayewajibika, wala wananchi watawakilishwa vipi, zikipita bila kura kupigwa.